MLANGO WA WENYE NAULI

Kila mwaka ifikapo mwezi Julai vyuo vikuu vyetu hufunga madarasa, na wanafunzi hutawanyika mjini wakiwa na barua mkononi. Barua hizo zina muhuri wa chuo na maneno yanayofanana: mwanafunzi huyu apokewe kwa majuma nane ya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe huyaita "fildi". Wa uhandisi huenda viwandani, wa ualimu huenda shuleni. Wa sheria huenda mahakamani, katika ofisi za mawakili, na katika taasisi zinazofanya utafiti na kuishauri Serikali juu ya haki jinai, yaani juu ya ukamataji, upelelezi, dhamana, mashitaka, magereza na adhabu.

Hizi za mwisho ndizo tunazotaka kuzisema. Kazi yake ni njema na nchi inazihitaji. Nyingi tunazozifahamu ziko upande wa Kinondoni. Gereza la mahabusu la Keko liko upande wa Temeke. Kati ya meza inakoandikwa ripoti na ukuta wanakokaa wanaoandikwa kuna mwendo wa daladala mbili tu. Hata hivyo, kwa namna mafunzo haya yanavyoendeshwa, mwendo huo huenda upande mmoja. Watafiti huja Temeke kuchukua habari, lakini mtoto wa Temeke hafiki kwenye meza ya kuandika. Hafiki kwa kuwa nafasi anayopewa haina malipo, na asiyelipwa hana nauli.

Tunasema bila kuuma maneno kwamba jambo hili ni dhuluma. Tena ni dhuluma yenye madhara mawili: inamwonea mwanafunzi, na inaharibu sera zenyewe ambazo kesho zitaamua nani afungiwe mlango na nani afunguliwe.

TULIYOYAONA

Alikuja kwetu binti mmoja wa Charambe, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria. Jina lake tunalihifadhi, na taasisi aliyokwenda hatutaitaja, kwa maana ilivyotenda ndivyo zinavyotenda nyingine nyingi. Mama yake hukaanga mihogo Mbagala Rangi Tatu. Kaka yake alikaa mahabusu miaka miwili kwa shitaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, shitaka ambalo kwa sheria yetu halina dhamana. Mwishowe aliachiwa kwa sababu mashahidi hawakutokea.

Katika miaka ile miwili binti huyu alikuwa bado sekondari. Alijifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha chuo. Alijua karandinga hufika mahakamani saa ngapi, na kwamba dakika zile chache za kushuka ndizo ndugu hupata kuangaliana machoni. Alijua kwamba kesi itatajwa, kisha baada ya siku 14 itatajwa tena. Alijua uzito wa maneno "upelelezi haujakamilika" kwa mama aliyeacha biashara yake tangu alfajiri ili ayasikie. Alijua kwamba mahabusu hachoshwi na kuta pekee. Humchosha pia kutojua kesho ni siku ya ngapi kati ya siku ngapi.

Kwa ajili ya hayo alichagua kusoma sheria. Na kwa ajili ya hayo alifurahi kupokewa katika taasisi inayotafiti hali ya mahabusu. Alipewa kazi ya kufasiri mahojiano kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kupanga majedwali, na kukaa mapokezi mhudumu alipokwenda kula. Aliambiwa kwamba mwishoni atapewa cheti na barua nzuri. Juu ya nauli hakuambiwa neno, naye aliona haya kuuliza.

Juma la tatu hakwenda. Alipiga simu akasema anaumwa. Majuma yaliyobaki aliyamalizia katika ofisi ya kata karibu na kwao, akipanga mafaili, kwa kuwa huko angeweza kwenda kwa miguu. Chuo kilimpa alama zake. Kwa upande wa chuo hakuna kilichoharibika.

Kwenye taasisi alibaki mwenzake, kijana mwenye adabu na bidii, ambaye baba yake humshusha kwa gari kila asubuhi. Hatumlaumu hata kidogo. Lakini ndiye aliyeuliza, akiwa na kalamu mkononi, "Karandinga ni nini?" Miezi michache baadaye rasimu ya ripoti ile ilitufikia, kwa kuwa tuliombwa kutoa maoni. Ilisema kwamba watu wengi wenye mashitaka yanayodhaminika hubaki mahabusu kwa kukosa uelewa wa haki yao ya dhamana. Ilipendekeza vichapishwe vipeperushi.

Binti wa Charambe angewaeleza kwa sentensi mbili. Watu wale wanaijua sana dhamana. Wanachokosa ni wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na mpangaji aliyehamia chumba cha Tandika mwezi uliopita hana mwenyekiti wa mtaa anayemfahamu wala jirani atakayethubutu kumwekea sahihi. Kipeperushi hakimpatii mtu huyo mdhamini. Hata hivyo kipeperushi ndicho kilichopendekezwa, kwa sababu aliyejua alikuwa amekwisha kurudi nyumbani kwa kukosa shilingi mia sita mara nne.

HESABU NI HII

Wako watakaosema tunakuza jambo dogo. Basi tuhesabu pamoja.

Mwezi Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari fupi kabisa, isiyozidi kilometa 10, ilikuwa shilingi 600. Tuchukue kiwango hicho cha chini, ingawa kutoka Charambe hadi Kinondoni ni mbali zaidi. Magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi ni shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku tano ni shilingi 12,000. Kwa majuma nane ni shilingi 96,000. Hapo hajala chakula cha mchana, hajanunua muda wa maongezi wa kumpigia msimamizi wake, na hajapata viatu vya kuingilia ofisini. Mwanafunzi wa chuo hana sare ya shule, kwa hiyo kondakta hamhesabu kuwa mwanafunzi.

Kwa ofisi yenye jenereta na magari, shilingi 96,000 ni gharama ya chai ya semina moja. Kwa nyumba inayoishi kwa mihogo ya kukaanga ni mtaji wote wa biashara. Mama anayempa bintiye nauli hiyo analazimika kuchagua kati ya mafunzo ya mtoto mmoja na chakula cha wengine. Mtoto mwenye utu akiliona hilo, hujiumiza yeye. Husema anaumwa.

Tutaambiwa kwamba iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwamba miongoni mwa mikopo yake umo wa mafunzo kwa vitendo. Ni kweli, nasi tunaishukuru. Lakini kwanza, si kila mwanafunzi huupata. Pili, tafadhali tazama neno lenyewe: ni mkopo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016 mwajiriwa aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Maana yake ni kwamba mtoto wa maskini anakopa fedha ili akafanye kazi bure katika ofisi ya mtu, kisha anailipia kazi hiyo yeye mwenyewe kwa miaka mingi. Mtoto wa mwenye nacho anapelekwa kwa gari na deni hana. Wote wawili wanatoka na cheti cha aina moja. Tunawaomba wachumi watuambie jina la biashara ambayo mfanyakazi humlipa tajiri nauli ya kuja kumfanyia kazi.

KITANDA USICHOKILALIA

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakumaanisha kwamba asiyelala hapo ni mtu mbaya. Walimaanisha kwamba akitaka kujua habari za kunguni, hana budi amuulize aliyelala, na amsikilize.

Nchi yetu imewahi kulipa gharama ya kutokusikiliza. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikuwa na nia iliyosomeka vizuri katika karatasi: kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi. Mitaani Dar es Salaam nia hiyo ilivaa sura ya msako. Wachuuzi na vijana wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa, wakapakiwa magarini na kupelekwa vijijini kulima. Wengi walirudi mjini. Aliyeandika kwamba mchuuzi hana kazi hakuwahi kubeba beseni la karanga kichwani kutwa nzima. Laiti angelibeba siku moja, angejua kwamba mtu huyo alikuwa kazini kuliko wengi waliomkamata.

Tazama pia suala la dhamana. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sehemu mojawapo ya kifungu kilichokataza dhamana ilikuwa kinyume cha Katiba. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kilichoorodhesha makosa yasiyo na dhamana kuwa kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hatuingii hapa katika ubishi wa mawakili. Tunasema tu kwamba tangu shauri la kwanza hadi la pili zilipita takribani miaka 30 ya hoja, makala, semina na ripoti juu ya mlango mmoja, mlango wa mahabusu. Katika miaka hiyo yote ni wangapi kati ya walioandika makala hizo waliwahi kusimama nje ya mlango huo wakiwa na bakuli la chakula cha ndugu yao?

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ilikusanya maoni ya wananchi, na Julai mwaka huohuo ikakabidhi ripoti yake. Hilo lilikuwa tendo la kusikiliza, na tunalisifu. Lakini tume huja ikaondoka. Wanaobaki wakiyageuza mapendekezo kuwa miswada, miongozo na mitaala ni watumishi na watafiti. Na watumishi hao na watafiti hao hupatikana wapi? Hupatikana miongoni mwa waliokuwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo miaka mitano au kumi iliyopita. Nafasi ya kazi inapotokea, anayekumbukwa ni yule aliyemaliza majuma yake nane, ambaye msimamizi anamjua kwa jina. Kwa hiyo mlango wa fildi ndio mlango wa ajira, na mlango wa ajira ndio mlango wa sera. Ukiweka kiingilio mlangoni pa kwanza, umekwisha kuamua nani atakaa ndani.

Oktoba 2022 taifa zima lilijadili matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania, ambako kati ya wanafunzi 633 waliofaulu mitihani yote walikuwa 26 tu. Iliundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine walilaumu wanafunzi, wengine vyuo, wengine lugha ya Kiingereza. Sisi tuliuliza swali ambalo halikusikika sana: katika miaka yao ya chuo, ni wangapi kati ya wanafunzi hao waliopata majuma nane kamili ya kujifunza kazi yenyewe, wakiwa wameshiba, pasipo kuhesabu sarafu za kurudia nyumbani? Ufundi haujifunzi kwa macho ya njaa.

MAJIBU YA WAUNGWANA

Tulipoyasema haya mbele ya viongozi wa baadhi ya taasisi, tulipewa majibu matatu. Tunayaleta hapa kwa uaminifu, na majibu yetu pia.

Jibu la kwanza: mwanafunzi amekuja kujifunza, si kufanya kazi, na anayefundishwa halipwi. Tunauliza: kufasiri mahojiano arobaini ni kujifunza au ni kazi? Kama ni kujifunza, kwa nini mahojiano hayo yamo katika ripoti inayouzwa kwa wafadhili? Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila afanyaye kazi haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Hatudai mwanafunzi alipwe kama mtafiti mkuu. Tunadai ofisi inayotumia jasho lake isimwache arudi Mbagala kwa miguu. Hata fundi seremala wa Keko, mwenye karakana ya mabati, humpa mwanagenzi wake fedha ya chakula cha mchana. Yeye hajaandika ripoti hata moja juu ya haki za binadamu.

Jibu la pili: fedha hazipo, na wafadhili hawagharimii wanafunzi. Tunajua shida za wafadhili, maana hata sisi tunaomba. Lakini tumeona bajeti zenye mafungu ya hoteli, ya tiketi za ndege, ya fulana na kofia za kongamano. Mfadhili hakuota fungu la kofia. Kuna mtu aliyeliandika. Mtu huyohuyo anaweza kuandika fungu la nauli. Na mfadhili akiulizwa kama anapenda utafiti wake ufanywe na watu wanaoujua mtaa, hatujui ni yupi atakayejibu kwamba hapendi.

Jibu la tatu ndilo linalotuuma zaidi: kujitolea ni uzalendo, na vijana wa leo wanapenda fedha mno. Kujitolea ni tendo la mtu aliye na kitu akakitoa kwa hiari. Asiye na nauli hawezi kujitolea nauli. Ukimlazimisha, unamfukuza, kisha unasema hakuwa mzalendo. Tukumbuke walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na kamati ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Hao walijitolea kweli, na historia inawaheshimu. Lakini katika miaka ile mwanafunzi alisomeshwa, alilishwa na alilazwa kwa gharama za umma. Alitoa muda wake akiwa ameshiba. Hatuwezi kudai moyo wa miaka ile tukiwa tumeiondoa sahani ya miaka ile.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2015 dunia ilisikia habari za kijana wa New Zealand aliyekuwa katika mafunzo yasiyo na malipo kwenye Umoja wa Mataifa mjini Geneva, akilala kwenye hema. Ikulu ya Marekani, iliyotumia wanafunzi bure kwa miaka mingi, ilianza kuwalipa mwaka 2022, na sababu iliyotajwa ilikuwa hiihii: bila malipo, waliokuwa wakiingia ni watoto wa wenye uwezo. Ikiwa taifa tajiri limeona aibu, sisi tunangoja nini?

NA SISI TUMO

Si haki kumnyoshea jirani kidole na kuficha vinne vinavyotuelekea. Tunakiri kwamba katika ofisi za Kanisa pia wapo vijana wanaochapa barua, wanaosafisha, wanaofundisha na wanaotembelea wafungwa pamoja nasi kwa miezi mingi, nasi tumewalipa kwa neno "Mungu atakulipa". Mungu hulipa, lakini hakututuma tumwachie madeni yetu. Kanisa ambalo Papa wake, Leo XIII, aliandika waraka juu ya ujira wa haki mwaka 1891 halina udhuru wa kusema halikufahamu. Yote tunayodai hapa chini tunaanza kuyadai kwetu. Anayetaka kutushitaki kwa hilo atutembelee, atatukuta tumekaa kwenye benchi la washitakiwa.

Liko jambo jingine ambalo ni lazima tulikiri. Tunapokwenda gerezani, mahabusu hutueleza maisha yake, nasi tunayaandika. Akimaliza huuliza, "Mtarudi lini?" Mara nyingi hatukurudi. Taasisi nazo hazirudi. Mahabusu ametoa habari bure, mwanafunzi ametoa kazi bure, na anayelipwa ni yule aliyekaa katikati yao. Ripoti huzinduliwa hotelini kwa lugha ambayo aliyehojiwa haisomi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ikiwa hakimu anatakiwa kumhukumu mtu kwa Kiswahili, je, mtetezi wake ana sababu gani ya kumtetea kwa Kiingereza peke yake?

TUNACHODAI

Kwanza, kila taasisi inayopokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, iwe ya Serikali, ya dini au ya kiraia, imlipe walau nauli na chakula cha mchana kwa kila siku anayofika, na ilipe kwa juma. Nauli inayolipwa baada ya miezi miwili haimfikishi mtu kazini Jumatatu.

Pili, nafasi zitangazwe waziwazi. Matangazo yabandikwe vyuoni na pia kwenye mbao za serikali za mitaa za Mbagala, Tandika, Yombo, Tandale, Manzese na Kigogo, ili mzazi ayaone. Sasa hivi nafasi nyingi hupatikana kwa simu ya mjomba.

Tatu, katika nafasi za utafiti wa magereza na mahabusu, aliyewahi kuwa na ndugu kizuizini asionekane kuwa na doa. Ahesabiwe kuwa na ujuzi. Tumesikia vijana wakificha habari hizo kwenye usaili kana kwamba ni ukoma.

Nne, vyuo visikubali kupeleka mwanafunzi mahali pasipo na makubaliano ya maandishi juu ya kazi atakayofanya, msimamizi wake na posho yake. Chuo kinachopiga muhuri barua bila kuuliza kinashiriki katika kosa.

Tano, wasaidizi wa kisheria wa mitaani, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua, wahesabiwe kuwa walimu wa wanafunzi hawa. Mwanafunzi akae nao majuma mawili kabla hajashika kalamu ya ripoti, nao walipwe kwa kufundisha.

Sita, kila ripoti iliyotokana na maneno ya mahabusu irudi kwa Kiswahili kwa waliohojiwa na kwa familia zao, na mwanafunzi aliyewahoji awe miongoni mwa wanaoirudisha. Hilo pia ni fundisho, pengine kubwa kuliko yote: kujibu swali "Mtarudi lini?"

Ndugu msomaji, hatuombi watoto wa Temeke wapendelewe. Tunaomba kiingilio kiondolewe mlangoni. Mtoto wa mwenye gari aendelee kuingia, maana naye ana akili na moyo, na nchi inamhitaji. Lakini akae meza moja na aliyeshuka kwenye daladala, amsikie akisema kwamba sentensi ile ya tatu si kweli, na waiandike upya pamoja. Siku sera ya dhamana itakapoandikwa na watu wa aina hizo mbili, huenda mpangaji wa Tandika akalala kwake akingoja kesi yake.

Binti wa Charambe yuko mwaka wa tatu sasa. Julai atatoka tena na barua yenye muhuri. Tumeweka fungu la nauli yake katika bajeti yetu ndogo, majuma nane kamili. Ni mmoja tu, na tunajua kwamba mmoja ni kidogo. Tunamwandika hapa ili yeyote atakayesoma aone kwamba inawezekana, na ajiulize wa pili atalipiwa na nani.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu ni vijana wangapi walioacha mafunzo au kazi ya kujitolea kwa kukosa nauli? Je, walituambia ukweli, au walisema wanaumwa?

2. Ni nani katika jumuiya yetu ana ndugu mahabusu? Ana ujuzi gani ambao hatujawahi kumwomba atufundishe?

3. Parokiani kwetu nani anafanya kazi bila ujira? Alichagua mwenyewe, au hatukumwuliza?